Chui Wawili wa Kilimanjaro

Mwaka 1936 Mmarekani Ernest Hemingway alitoa hadithi fupi yenye jina la theluji ya Kilimanjaro. Imesomwa dunia nzima, na mwaka 1952 ikatengenezewa filamu. Ndani yake yupo mwandishi wa Kizungu amelala kambini porini, mguu umeoza kwa kidonda, anagombana na mkewe na kuvikumbuka visa vyote ambavyo hakuviandika. Mwanzoni kabisa, kabla hadithi yenyewe haijaanza, kuna chui. Amekufa na kukauka karibu na kilele cha magharibi, na hakuna aliyeeleza alikuwa akitafuta nini kwenye baridi lote lile.

Sasa wewe msomaji wa Moshi itafute Moshi humo. Wapi! Mgomba haumo, kihamba hakimo, Mchagga hayumo. Mlima upo kama picha ya ukutani. Wala simlaumu Hemingway, maana hakuahidi kutuandika sisi. Ninachouliza ni hiki: sisi tunaoamka kila siku chini ya mlima huu, tena tunaojiita waandishi chipukizi, tumeandika nini?

Nimesoma miswada ya wenzangu tunaokutana Jumamosi. Ni kazi nzuri, zina mbio. Lakini mpelelezi yuko Kariakoo, jambazi yuko Manzese, tajiri mwovu yuko Oysterbay, na shujaa amefanana na Willy Gamba wa Elvis Musiba kama pacha. Mwandishi mwenyewe anakaa Majengo au Pasua na Dar es Salaam amekwenda mara mbili, zote msibani. Mtu akimwuliza kwa nini asiandike habari za Old Moshi, anacheka: "Kule kuna nini? Migomba na wazee."

Hoja hiyo haina miguu. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwani, na mwaka 1971 akatupa *Rosa Mistika*, riwaya iliyotoka kule kule kwao. Ilipigwa marufuku mashuleni, na baadaye ikaja kusomwa na kila mtu. Adam Shafi alichukua shamba la Unguja, mabwana na watwana wake, akaandika *Kasri ya Mwinyi Fuad* mwaka 1978. Ebrahim Hussein alichukua vita vya Maji Maji akaandika *Kinjeketile* mwaka 1969, tena kiongozi wake hakumfanya malaika. Alimpa mashaka moyoni. Kwa hiyo shamba si tatizo. Tatizo ni namna tunavyolitazama.

Ndiyo maana mwezi uliopita mimi na mwenzangu mmoja tulijipa safari ya siku moja kwenye miji midogo ya kale ya mlimani, daftari mkononi. Hatukwenda kupiga picha. Tulikwenda kuisoma miji ile kama mtu anavyosoma kitabu: nani anasimulia, anasema nini, na kipi anakiruka. Naomba basi uhakiki huu uuchukue hivyo hivyo.

Ukurasa wa kwanza: Old Moshi

Wengi wetu hudhani Moshi ni hii ya mjini, yenye mnara wa saa na stendi. Kumbe hii ni mtoto. Reli ya kutoka Tanga ilifika huku chini mwaka 1911, mji ukaifuata reli, na Moshi yenyewe ya mwanzo ikabaki juu mlimani, ikaanza kuitwa ya zamani. Ukifika Kiboriloni, penye soko la mitumba, unakunja kushoto na kupanda. Barabara inakuwa nyembamba, migomba inakaribia dirisha, na masikio yanaziba kidogo.

Huko ndiko Tsudunyi, mahali aliponyongewa Mangi Meli tarehe 2 Machi 1900. Hakunyongwa peke yake. Walikuwa watu 19, akiwemo Mangi Molelia wa Kibosho na viongozi wa Meru na Arusha. Kichwa cha Meli, wazee wanasema, kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Na hayo si maneno ya kijiweni tu. Septemba 2023 wenye makumbusho ya Berlin walitangaza kwamba fuvu moja kati ya waliyoyachunguza limelingana kwa vinasaba na wazao wa Akida, mshauri wa Meli, walio hai hadi leo. Wakati huo cha Meli mwenyewe kilikuwa hakijapatikana.

Kijana aliyetuongoza alisimulia vizuri, sauti ikipanda na kushuka. Lakini nilipoyaandika maneno yake daftarini niliona kitu. Hadithi nzima ilikuwa na sura mbili: Mjerumani alikuja, Meli akanyongwa. Katikati pametupu. Hebu tupajaze kwa mambo ambayo vitabu vya historia vinayo.

Baba yake Meli ni Mangi Rindi, ambaye wageni walimwita Mandara. Rindi ndiye aliyetia mkono mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Mwaka 1889 wajumbe wake walisafiri hadi Berlin. Fikiria, ndugu msomaji: watu wa Old Moshi, wametoka kwenye migomba, wanatembea kwenye barabara za Berlin miaka kumi na moja kabla ya kitanzi. Waliona nini? Waliporudi, jioni penye moto, walimweleza nini Rindi, na walimficha nini? Nani kati yao alijua tayari kwamba watu wale hawatashindika?

Rindi akafa, Meli akashika kiti akiwa kijana. Mwaka 1892 alipigana na Wajerumani akawashinda, na kamanda wao, von Bülow, akafa. Mwaka 1893 wakarudi na jeshi kubwa zaidi, Meli akashindwa. Kisha? Kisha ikapita miaka saba hadi siku ya mti.

Miaka saba! Kijana aliyekwisha kuonja ushindi anaishi chini ya bendera ya mtu aliyemshinda. Anaamka asubuhi, anasalimiana na askari wa boma. Anaoa, anaamua kesi za watu wake za mifereji na ng'ombe, anapokea amri, anameza mate. Usiku anaongea na nani? Riwaya imelala kwenye miaka hiyo saba, na ndiyo miaka ambayo msimulizi wetu aliiruka kwa neno moja tu, "halafu."

Tulipokuwa tunangoja gari la kushuka, bibi mmoja mwenye mkungu wa ndizi alituuliza tunaandika nini. Tukamwambia, habari za Meli.

"Mjukuu wangu," akasema, "wageni wote wanauliza Meli. Hakuna anayeuliza mfongo huu ulichimbwa na ukoo gani, na kwa nini majirani wale pale hawasalimiani mpaka leo."

Mfongo ni ule mfereji wa maji unaotoka juu mtoni na kupita kihamba hadi kihamba, kila ukoo na zamu yake. Bibi alitueleza ugomvi wa zamu moja ya maji kwa dakika ishirini, na konda alipopiga honi sikutaka kupanda. Palikuwa na hila pale, na mke aliyesimama kati ya kaka zake na mumewe, na jembe lililofichwa. Mhakiki yeyote angesema kisa kimekamilika.

Ukurasa wa pili: Marangu

Tukashuka, tukashika barabara kuu hadi Himo, tukapanda tena hadi Marangu Mtoni. Hapa ukurasa unageuka, na hadithi nayo inageuka.

Marangu ni ya kina Marealle. Mangi Marealle aliwapokea wazungu wa mwanzo, na ni kutoka hapa Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipanda, wakafika kilele cha Kibo tarehe 6 Oktoba 1889. Huku Marealle ni mtu wa busara, aliyejua upepo unakovuma na akawaokoa watu wake. Ukirudi Old Moshi utasikia kwamba yeye ndiye aliyewachongea wenzake kwa Mjerumani mpaka wakanyongwa. Hata wanahistoria wameandika juu ya fitina zake na jinsi alivyopanda cheo wenzake walipoanguka.

Hizi ni hukumu mbili juu ya mtu mmoja, na kati yake ni mwendo mfupi wa daladala. Mwanahistoria sharti apime ushahidi aamue. Mwandishi wa riwaya ana kazi nyingine: awaingize wote wawili nyumba moja, wale mezani pamoja, na msomaji aelewe kwa nini kila mmoja alijiona ana haki. Anayemwandika Meli kuwa shujaa asiye na doa na Marealle kuwa msaliti asiye na usingizi, huyo ameandika ngonjera ya sherehe.

Hapa lazima niseme neno juu ya vitabu tulivyorithi. Wageni walituandika sana. Mchungaji Bruno Gutmann alikaa Old Moshi miaka mingi akajaza kurasa kwa Kijerumani, na kitabu chake cha sheria za Wachagga kilitoka mwaka 1926. Charles Dundas, mtawala wa Kiingereza, alitoa chake mwaka 1924. Kathleen Stahl alitoa historia ya Wachagga mwaka 1964. Wote wana deni kwa mwalimu mmoja wa Marangu, Nathaniel Mtui, aliyeandika habari za wamangi kwenye madaftari mwanzoni mwa karne ya 20. Gutmann aliyatumia madaftari hayo, na Stahl pia. Jina la Mtui limebaki ndani, kwenye maelezo madogo. Majina yao yako juu ya jalada.

Lishike hilo wewe unayeniambia migomba haina hadithi. Mtu wa migombani alikwisha kuiandika, kwa mkono wake, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Alikosa tu wa kuichapa kwa jina lake.

Aliyefanikiwa ni Petro Itosi Marealle. Mwaka 1947 alitoa *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera*, kwa Kiswahili. Kwangu mimi hicho ni kitabu cha kuheshimu. Wakati wengine wanaiandikia Ulaya, yeye alichagua lugha ambayo Mchagga, Mpare na Mzaramo wangeweza kuisoma bila mkalimani, tena akamfuata mtu tangu kuzaliwa mpaka ng'ambo ya kaburi. Chipukizi anayetaka kujua babu zake waliishije aanze hapo.

Lakini kitabu cha mila kina mpaka wake, na mpaka huo tuujue. Mtu wa kitabu cha mila hana jina. Huoa, huzaa, huzika, hutambika. Kila tendo lake limeanza na "hu". Hachelewi wala hakasiriki, hatoroki na binti wa adui. Riwaya inaanza siku yule mtu anapokataa kufanya yanayofanywa. Tukikinakili kitabu cha mila na kukipa majina ya watu, tutapata kitabu cha mila chenye majina ya watu, basi.

Ukurasa wa tatu: msichana na chui

Mfano tulioupata siku ile ile uko Kinukamori, maporomoko ya maji pale pale Marangu. Mgeni analipa kiingilio, anaona maji, anasimuliwa habari za Makinuka, na sanamu za msichana na chui ziko palepale. Kisa kinakwenda hivi. Makinuka alipata mimba kabla ya kuolewa. Adhabu wakati huo ilikuwa kifo. Akaona ni heri ajitupe mwenyewe majini. Akafika ukingoni, akatazama chini, akaghairi. Akageuka arudi nyumbani. Nyuma yake amesimama chui. Akapiga ukelele, akarudi kinyumenyume, akaanguka.

Kijana aliyetusimulia alimaliza kwa funzo: mabinti wa zamani walikuwa na adabu. Dakika tano zimeisha, kundi jingine linangoja.

Jamani, hebu rudini kwenye lile neno "akageuka." Huyu msichana alikwisha kuamua kuishi. Alikuwa anarudi kijijini, kwenye hukumu, na tumbo lake. Alikuwa na mpango gani kichwani? Atamwambia mama kwanza, au atamfuata yule mwanamume? Na huyo mwanamume yuko wapi kwenye hadithi? Sanamu yake haipo. Hatajwi hata kwa jina la ukoo. Hadithi imemsamehe kabla hajashtakiwa. Mama yake Makinuka naye, aliyemkosa jioni ile, hayumo. Yumo msichana mkosaji na yumo mnyama wa kumwadhibu.

Sasa waweke pamoja chui wawili wa mlima huu. Wa Hemingway yuko juu, amekufa, na mwandishi amekataa kutueleza alikwenda kutafuta nini. Swali lile limewafanya watu wabishane tangu mwaka 1936. Wa Kinukamori yuko hai, mkali, kwenye hatua ya mwisho ya maisha ya msichana, na sisi tumemfanya kiboko cha mwalimu. Tumempa jibu kabla msomaji hajauliza. Kwa nguvu ya kisa, wa kwetu anamzidi yule mbali. Kwa usimulizi tumezidiwa, na tumezidiwa kwa sababu ya haraka ya kufundisha.

Ugonjwa huo wa funzo ninauona kwenye miswada yetu pia. Mhalifu anafungwa, malaya anakufa, mwanafunzi mtoro anajuta. Sisemi tuache kufundisha. Nasema funzo lisije mbio kuliko mtu.

Kurasa ambazo hazina sanamu

Jambo la mwisho. Safari yote ile kila aliyesimulia alisimulia wamangi na wapanda mlima. Hakuna aliyesimama mbele ya ghala la kahawa la chama cha msingi akasema: hapa pana hadithi.

Ipo. Mapadri wa Kilema wanatajwa kuwa ndio walioileta kahawa mlimani, mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 ikaja KNCU, ushirika uliojulikana Afrika nzima. Kwa kahawa zilijengwa shule na zililipwa karo. Miaka ya 1950 Wachagga walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Komkya, na Mangi Mkuu wao, Tom Marealle, aliyeapishwa mwaka 1952 na kuondolewa kwa kura mwaka 1960. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, ikavirudisha kwa sheria ya mwaka 1982. Wakati huo huo bei ikipanda na kushuka, na leo ukitembea vihambani utakuta mahali ambapo mibuni imeng'olewa ikapandwa mboga.

Haya ni mambo ya ofisi mpaka uyaingize nyumbani. Mbuni ni wa baba, mgomba ni wa mama, ndivyo ilivyogawanywa. Mama anapalilia vyote viwili. Siku ya malipo baba anashuka ghalani na kitabu chake, na mama anabaki kungoja aone atarudi na nini, na atarudi saa ngapi kutoka kwenye mbege. Miaka hamsini ya siasa ya ushirika imo kwenye jioni hiyo moja. Au mwana wa katikati, yule ambaye desturi haikumpa kihamba kwa sababu kaka mkubwa na kitinda mimba wameshapewa, anapokwenda Dar kuuza duka na kurudi kila Desemba na gari jipya, anamwonyesha nani? Nyumba nzuri za mlimani zinafungwa madirisha miezi kumi na moja. Mtoto wa mjini anayesema shamba hakumhusu, baba yake ndiye aliyetoka kwenye nyumba hizo.

Kuna muuza vitabu mmoja aliniambia hadithi za shamba haziuziki, vijana wanataka bunduki na mapenzi. Kwa hesabu yangu Old Moshi na Marangu zina bunduki, mapenzi, usaliti, watu 19 kitanzini, msichana ukingoni mwa maji na wajumbe waliofika Berlin. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa chini na kuandika polepole.

Na polepole yenyewe isiwe uvivu. Wazee wanaojua mfongo upi ulichimbwa na nani wanazikwa kila wiki. Tusipoandika, atakuja tena mtu mwingine na daftari kubwa kuliko letu, atawauliza wao, na jina lake litakaa juu ya jalada. Nathaniel Mtui ni onyo la kututosha.

Kwa hiyo tugawane kazi. Wa Kibosho, unaye Mangi Sina aliyepigwa na Wissmann mwaka 1891, na Molelia aliyekufa pamoja na Meli. Wa Mamba, una wahunzi waliofua mikuki ya kila upande wa vita. Wa Kilema, unaye Mangi Masaki, aliyempokea Johannes Rebmann mwaka 1848, mmisionari aliyerudi akasema ameona theluji na wasomi wa Ulaya wakamcheka. Dada zangu, Makinuka anawangoja. Sisi wanaume tumekwisha kumsimulia vibaya vya kutosha.

Mimi nimechukua ile miaka saba. Nitawaletea sura ya kwanza Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mkikuta tarehe imekosewa, nisahihisheni. Mkikuta nimemfanya Meli sanamu, nichaneni bila huruma.